Seva 62 zote zinajibu hazina cha kusasisha, kumbe ziko nyuma miezi mitatu na nusu (uzi wa Katello)

Mlinzi_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimya kimya, ila leo nimefungua uzi kwa sababu kuna jambo limeniumbua kazini, na sidhani kama niko peke yangu.

Tuna seva 62, karibu zote AlmaLinux (Linux ya bure, jamaa ya RHEL ya Red Hat), nusu toleo la 8 na nusu toleo la 9. Zamani kila seva ilijichotea masasisho yake yenyewe kutoka intaneti. Ukiendesha `dnf update`, amri ya kusasisha, Jumatatu kwenye seva moja na Alhamisi kwenye nyingine, unapata vitu viwili tofauti, halafu pakeji ileile ya keneli (kiini cha Linux) inapita kwenye laini yetu mara 62. Mwenzangu aliyekuwepo kabla yangu akachoka na hali hiyo, akasimika Foreman, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, na Katello inayokaa juu yake.

Kwa ambao hawajaigusa: Katello ni ghala. Ndani yake kuna programu inaitwa Pulp, ndiyo inayokwenda kuchota pakeji huko nje. Kwetu inachota kila siku saa nane usiku na kumwaga kila kitu kwenye sehemu iitwayo Library. Lakini seva zako hazioni Library. Wewe unachapisha kinachoitwa Content View, ambacho ni sawa na kulipiga ghala picha jinsi lilivyo siku hiyo: toleo 1.0, kesho kutwa 2.0, na kadhalika. Picha ikishapigwa haibadiliki. Kisha unaipandisha ngazi kwa ngazi. Sisi tuna ngazi mbili, Majaribio halafu Uzalishaji, na kila seva inaona picha iliyoko kwenye ngazi yake tu. Uzuri wake ni kwamba kile ulichokijaribu Jumanne ndicho hasa kitakachoingia kwenye seva za kazi Jumamosi, hata kama huko nje yametoka mapya 40 katikati.

Sasa sikilizeni. Julai 1, 2024 Qualys wakatangaza lile tundu la OpenSSH (programu ya kuingilia seva kwa mbali), CVE-2024-6387, waliloliita regreSSHion. Bosi akaniuliza, "Vipi, sisi limetugusa?" Nikamwambia nipe saa moja. Nikarusha kazi moja kutoka Foreman kwenda seva zote 62, `dnf -y update`. Zote zikarudi kijani. Zote zikasema `Nothing to do.` Nikaandika barua pepe yenye mistari miwili: tumesasisha, tuko salama. Nikaenda kula.

Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye seva moja ya toleo la 9, macho yakaangukia tarehe ya openssh-server. Ya Machi. Nikafungua ya pili, Machi. Jasho likaanza kunitoka. Nikaingia kwenye Katello, upande wa Content View: toleo la mwisho, 6.0, lilichapishwa katikati ya Machi na yule mwenzangu wiki aliyoacha kazi. Library ilikuwa inajazwa kila usiku bila kukosa. Hakuna aliyepiga picha mpya. Seva zilikuwa zinasema kweli: kwenye ghala nililoziruhusu kuliona, kweli hakukuwa na jipya.

Zile za toleo la 8 ziliponea uzee wao tu, maana OpenSSH yake ni 8.0 na tundu lilianzia 8.5p1. Hizo nyingine 31 zilikaa uchi siku nane na mimi nimeshaandika kuwa tuko salama.

Nauliza: nyie mnajuaje kuwa picha yenu imechacha?

---

Kijana_wa_Terminal

Pole mkuu, lakini hapo mnajipa kazi ya bure. Ghala la nini? Weka `dnf-automatic`, iwashe `apply_updates = yes`, kalale. Mimi nina seva 15, kila alfajiri zinajisasisha zenyewe na sijawahi kuumbuka.

---

BabuCron

Kijana, hujawahi kuumbuka kwa sababu mwaka 2020 hukuwa zamu.

Mwishoni mwa Julai 2020 lilitangazwa tundu la GRUB2, programu inayowasha Linux, lililoitwa BootHole, CVE-2020-10713. Viraka vikatoka siku hiyohiyo, watu wakakimbilia kuviweka. Seva nyingi za RHEL 7.8 na 8.2, na za CentOS, nakala yake ya bure, pamoja nazo, zikakataa kuwaka kabisa. Kosa lilikuwa kwenye shim, ile programu ndogo inayotangulia GRUB. Red Hat ikabidi iwaambie watu wasiguse pakeji za grub2 na shim mpaka watoe nyingine. Yaani kiraka kilichokuja kuziba tundu ndicho kilichoua mashine.

Mimi nilikuwa na ghala. Nikapoteza seva mbili za majaribio, nikazirudisha kwa diski ya uokoaji, nikanywa chai. Jirani yangu aliyekuwa anajisasishia kama wewe alikwenda chumba cha seva na mto wa kulalia.

Ila Mlinzi, hilo lako mimi nalijua kwa jina jingine. Enzi za Spacewalk, chombo cha kusimamia seva cha kabla ya Katello, kabla hakijafungwa Mei 2020, tulikuwa tunaangalia CentOS zetu kwenye dashibodi: errata sifuri, kijani tupu, bosi anapita anatabasamu. Errata ni ile karatasi inayofuatana na kiraka, inasema kinaziba tundu gani na kwa pakeji zipi. Kumbe repozitori (hazina za pakeji) za CentOS zilikuwa hazibebi karatasi hizo kabisa. Sifuri haikuwa na maana kwamba tumeziba kila tundu, ilikuwa na maana kwamba hakuna aliyeandika lolote. AlmaLinux na Rocky sasa wanaziweka, mshukuruni Mungu.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Shikamoo Babu. Hiyo ya mto wa kulalia nimecheka peke yangu ofisini.

---

BabuCron

Marahaba. Sasa nikujibu swali lako. Fungua ukurasa wa Errata ndani ya Katello, juu kuna visanduku viwili vya kuchagua: Applicable na Installable. Watu hawaviangalii, na jibu lako limo humo.

Applicable ni errata inayoihusu seva kwa kulinganisha pakeji ilizonazo na kila kilichomo Library. Installable ni ile ambayo seva inaweza kuiweka sasa hivi, kwa sababu imo kwenye picha iliyoko kwenye ngazi yake. Ukikuta Applicable 90 na Installable 0, seva zako si nzima, ni wafungwa. Mwanya kati ya namba hizo mbili ndio uchacho wa picha yako. Hakuna kipimo kingine cha kukimbilia, na dnf haiwezi kukuambia, maana dnf inaishi ndani ya picha.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Babu, nimefungua sasa hivi. Nilikuwa nimeweka alama kwenye Installable na kuiacha hivyo tangu niajiriwe. Nimeiondoa.

Sitaji namba hapa.

---

DadaRepo_MSA

Mlinzi, pole sana. Nami nichangie la kwetu Mombasa, kwa sababu kijani hiki kina ndugu zake.

Sisi tuna seva hapa mjini na nyingine chache Malaba na Kisumu. Kila tawi lina Smart Proxy yake, ghala dogo linalobeba nakala ili seva za Malaba zisije hadi Mombasa kuomba pakeji kupitia laini ambayo hata barua pepe inalalamika. Kwenye Pulp kuna uamuzi mmoja unaufanya mwanzoni halafu unausahau: repozitori ichote pakeji zote papo hapo, `immediate`, au ichote orodha tu na pakeji yenyewe ije pale mtu atakapoiomba mara ya kwanza, `on_demand`. Tulichagua `on_demand` ili kuokoa diski. Kila asubuhi skrini inasema ulandanishaji umekamilika.

Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zikakatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mnakumbuka intaneti ilivyokuwa siku zile, Tanzania nadhani mliumia kutuzidi. Mimi nikajisemea, sisi tuna ghala, tutaendelea na kazi. Tulikuwa tunajenga seva mpya wiki hiyo. Naomba httpd, programu ya seva ya tovuti, dnf inaganda. Naomba tena, inaganda. Nikaenda kuangalia: ghala lina orodha ndefu na nzuri ya vitu ambavyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuviomba, kwa hiyo havimo. Ni kama duka limebandika bei za bidhaa zote mlangoni na ndani rafu ni tupu.

Tukanunua diski. Repozitori kuu, zile BaseOS na AppStream, sasa ni `immediate`. Zile kubwa tusizozigusa sana tumeziacha. Na kumbuka Smart Proxy ina uamuzi wake wenyewe, si lazima ifuate wa ghala kuu. Hilo la Malaba tuligundua baadaye, kwa uchungu wake.

---

Kijana_wa_Terminal

Dada nimekuelewa. Lakini nimesoma mahitaji, Katello inataka RAM GB 20 na koa nne za prosesa kwa uchache. Seva yangu kubwa kuliko zote ina GB 16. Ghala liwe kubwa kuliko duka?

---

Ngalawa

Hapo kijana ana hoja, msimdharau. Mimi nina mashine tisa za Debian na Ubuntu, Katello ingekuwa kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mishikaki. Natumia aptly kwenye kimashine kidogo. Wazo ni lilelile: unavuta nakala ya repozitori, unaipiga picha kwa `aptly snapshot create`, unaichapisha, na siku ukiridhika na picha mpya unabadilisha kwa `aptly publish switch`. Picha mpya ikikusumbua unarudi ya zamani kwa amri hiyohiyo. Haina dashibodi wala haijui seva ipi ina nini. Kwa mashine tisa nazijua kwa majina.

Mlinzi, kosa lako hata mimi naweza kulifanya. aptly haipigi picha usipoiambia.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Kijana, na kitu kingine: `dnf-automatic` yako na ghala si maadui. Seva zetu za Majaribio sasa zinajisasisha zenyewe kila usiku, lakini zinakula kilichomo kwenye picha yao tu. Unapata usingizi wako na Babu anapata breki zake.

---

Mtunza_Daftari

Samahani kwa kuingilia, mimi ndiye ninayekaa na wakaguzi. Mkaguzi alileta chombo chake cha kupekua, kikasema seva zetu zote zina OpenSSH 8.7, tundu la regreSSHion limezibwa kwenye 9.8, kwa hiyo tumefeli. Wataalamu wangu wanasema wameshaziba. Mkaguzi ananionesha 8.7 kwa herufi nyekundu. Nimwamini nani?

---

BabuCron

Waamini wataalamu wako, lakini wadai ushahidi. RHEL na jamaa zake kwa kawaida hawapandishi namba katikati ya maisha ya toleo. Wanachukua kiraka cha 9.8 na kukishona kwenye 8.7 ileile, kisha wanabadilisha ile mikia ya mwisho ya namba ya pakeji. Chombo cha mkaguzi kinasoma bango ambalo SSH inalitoa mlangoni, 8.7, basi. Mikia hakioni.

Waambie waendeshe hii mbele ya mkaguzi:

`rpm -q --changelog openssh-server | grep CVE-2024-6387`

Ukitoka mstari, kiraka kimo kwenye pakeji. Usipotoka kitu, mkaguzi ana haki yake. Na kama mna Katello, mchapishieni ukurasa wa errata wa seva husika, wakaguzi wanapenda karatasi yenye tarehe.

---

Mtunza_Daftari

Nimewaita. Mstari umetoka seva zote isipokuwa moja. Hiyo moja wanatazamana.

---

Simba_wa_Uptime

Nyie endeleeni kuhangaika. Seva yangu ya hifadhidata ina uptime ya siku 812, yaani haijazimwa. Na viraka naweka kila mwezi. Linux si Windows.

---

DadaRepo_MSA

Kaka, endesha `uname -r`, halafu `rpm -q kernel`. Utaletewa keneli kadhaa ulizozilipia intaneti, zimelala diskini, na wewe unaendesha ile ya siku 812 zilizopita. Kama hujaweka kpatch, ya kubandika viraka keneli ikiwa inaendeshwa, viraka vyote vya keneli ulivyoweka kila mwezi havijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Si keneli peke yake. Ukisasisha openssl, maktaba ya usimbaji, programu iliyokuwa tayari inaendeshwa bado imeshika ile ya zamani kumbukumbuni, hata kama faili lake limeshafutwa. `needs-restarting -r` inakuambia kama mashine inataka kuwashwa upya, na bila `-r` inakutajia programu moja moja. Debian wana needrestart. Kwenye Katello ukiweka Tracer unaviona kwenye ukurasa wa seva.

---

Simba_wa_Uptime

Nimeendesha. Nitabadilisha jina la akaunti.

---

Ngalawa

😂😂

---

Fundi_Diski

Swali dogo wakuu. Nimeamua kuchapisha kila wiki kama mnavyoshauri, je nitamaliza diski? Kila picha si ni nakala nzima?

---

Mlinzi_wa_Zamu

Hapana mkuu. Pulp inaweka faili la pakeji mara moja, picha zote zinalielekea lilelile. Kinachoongezeka ni orodha. Ila pakeji ya zamani haifutiki maadamu kuna picha hata moja inayoishikilia, kwa hiyo picha za kale zifute: `hammer content-view purge --count 3` (hammer ni chombo cha amri cha Katello) inabakiza tatu zisizotumika na haigusi zilizopo kwenye ngazi yoyote. Nafasi yenyewe inarudi baada ya usafi wa mabaki kupita, usishangae `df` ikikuonesha namba ileile jioni hiyo. Na `/var/lib/pulp` iwe diski yake peke yake, tafadhali. Ikijaa pamoja na hifadhidata, utafungua uzi wako mwenyewe.

---

Kijana_wa_Terminal

Mlinzi hukutuambia mlizibaje zile 31. Mlichapisha picha mpya nzima? Miezi mitatu na nusu ya mabadiliko kwa mkupuo, kwenye uzalishaji, katikati ya wiki?

---

Mlinzi_wa_Zamu

Swali zuri, na hapo ndipo nilipotaka kuharibu mara ya pili. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kuchapisha 7.0 na kuipandisha moja kwa moja juu. Ndani yake kungekuwa na keneli mpya, glibc, PHP, kila kitu, na sijajaribu hata kimoja. Mwenzangu wa hifadhidata akanishika bega.

Katello ina kitu kinaitwa incremental update. Unachagua errata moja, inachukua picha iliyopo na kuichomekea hiyo tu pamoja na inavyovitegemea. 6.0 yetu ikawa 6.1: Machi ileile, ila OpenSSH ya Julai. Tukaiweka Majaribio asubuhi, tukajaribu kuingia kwa kila njia tunayoijua, saa kumi jioni ikapanda Uzalishaji. Seva ambazo hazikuweza kusubiri jioni tulizipa `LoginGraceTime 0` kwenye sshd_config. Inaziba tundu lakini inamruhusu mtu mwenye nia mbaya ajaze nafasi za kuingia zote, kwa hiyo tuliiondoa mara tu kiraka kilipoingia.

Ile miezi mitatu na nusu tukaila polepole baadaye. Ilituvunjia PHP ya mfumo mmoja wa zamani, huko Majaribio. Aliyeuandika mfumo huo bado hanisalimii.

---

Ngalawa

Na barua ya "tuko salama"?

---

Mlinzi_wa_Zamu

Niliandika nyingine. Ilikuwa ndefu kuliko mistari miwili.

---

Fundi_Diski

Kabla uzi haujazama: mmeshafikiria kwamba hilo ghala lina ufunguo wa SSH wa kuingia kama root, msimamizi mwenye mamlaka yote, kwenye seva zote 62? Anayeiba Katello kaiba nyumba nzima. Na yenyewe nani anaisasisha?

---

BabuCron

Swali la mtu mzima. Kwangu ufunguo unaingia kwa mtumiaji wa kawaida mwenye sudo (ruhusa ya kuomba mamlaka ya root), seva zinaupokea kutoka anwani ya ghala peke yake, na ghala halionekani nje ya mtandao wa wasimamizi. Kuisasisha yenyewe ninaifanya kwa mkono, nakala rudufu kwanza, na wala si mwisho wa mwezi wakati watu wanasubiri mshahara.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Wakuu, narudisha mrejesho kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa faragha.

Tumegawa kazi hivi: cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, inaendesha `hammer content-view publish` kila Ijumaa usiku na kuipandisha Majaribio bila kumwuliza mtu. Kwenda Uzalishaji ni lazima binadamu aipandishe, tena zamu ni ya watu wawili, si ya mtu mmoja anayeweza kuacha kazi. Na kila Jumatatu asubuhi skripti inatuma namba mbili tu kwenye kundi letu la WhatsApp, bosi naye yumo: applicable ngapi, installable ngapi, kwa seva za Uzalishaji. Siku za mwanzo bosi alikuwa anauliza maana yake. Sasa anauliza kwa nini hazifanani.

Niko Tanga likizo, wiki ya pili hii. Toleo 9.0 lilijikata Ijumaa, mwenzangu kalipandisha Jumanne. Jana saa tatu usiku kaniandikia: "14 na 14. Naanza kuziweka saa sita."